Mtoto Asiposikia Vizuri: Mwongozo Kamili wa Kuokoa Lugha Yake, Hatua kwa Hatua

"Anasikia, ila ni mkaidi tu." Maneno haya yamewapotezea watoto miezi, na wengine miaka. Mlango ukibamizwa mtoto anageuka. Pikipiki ikipita anakimbilia dirishani. Basi nyumba nzima inaridhika kwamba masikio ni mazima, na tatizo lililobaki ni la tabia. Lakini mlango na pikipiki si lugha. Lugha imo katika sauti ndogo zinazopita haraka, na sikio lenye kasoro huzikosa hizo kwanza huku ngurumo zote zikiingia bila shida.

Mwongozo huu ni wa mzazi, mlezi au mwalimu mwenye wasiwasi juu ya mtoto fulani. Nimeupanga kwa hatua, ila usizifuate kama foleni. Hatua ya sita na ya saba zinaanza leo, hata kama bado hujafika kwa daktari.

Hatua ya 1: Elewa kinachopotea

Mtoto huanza kusikia kabla ya kuzaliwa. Katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba sikio lake la ndani linafanya kazi, na akizaliwa tayari anaitambua sauti ya mama yake. Kati ya miezi 6 na 12 ubongo wake huzoea sauti za lugha ya nyumbani na kuanza kuziacha zile asizozisikia. Yote haya hutokea kabla hajatamka neno hata moja. Kwa hiyo mtoto asiyesikia amekwisha kukosa mengi siku watu wanapoanza kuuliza kwa nini hasemi.

Sehemu ya ubongo inayosubiri sauti nayo haisubiri milele. Uchunguzi wa mawimbi ya ubongo wa watoto waliozaliwa viziwi wakawekewa vipandikizi vya koklea (vifaa vinavyowekwa kwa upasuaji kwenye koklea, sehemu ya sikio la ndani inayopokea sauti) ulionyesha kwamba waliovipata kabla ya umri wa miaka mitatu na nusu ubongo wao ulijifunza kuipokea sauti kama wa wenzao wanaosikia. Waliovipata baada ya miaka saba, wengi wao hawakufikia hapo.

Sasa tukitazame Kiswahili chenyewe. Sema: atakuja. Sema tena: hatakuja. Tofauti yote imo katika pumzi moja ya h mwanzoni mwa neno, mahali pasipo na mkazo, maana mkazo wetu hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Mtoto mwenye upungufu hata wa wastani anaweza kuipata "-takuja" mara zote mbili. Atakaa mlangoni akimngoja mtu ambaye ameambiwa haji, kisha ataitwa msumbufu akilia.

Kiswahili hubeba sarufi yake mwanzoni mwa neno: ni-, u-, a-, si-, ki-, vi-, wa-. Nani anatenda, ni wangapi, ni ndiyo au siyo, yote yamo humo, na viambishi hivyo ni vifupi na hutamkwa upesi. Ongeza konsonanti nyembamba kama s, sh, f na th, ambazo hazina nguvu ya irabu. Fika, shika na pika vinaweza kufanana kabisa katika sikio lisilopata sauti za juu. Mtoto wa namna hii anasikia kwamba unasema, ila hasikii unachosema. Huo ndio upungufu unaodanganya kuliko wote.

Kuna hasara nyingine isiyoonekana kirahisi. Mtoto anayesikia hujifunza maneno mengi kutoka mazungumzo yasiyomhusu: watu wazima wanabishana chumba cha pili, dada anaongea na simu, mtu anaomba radhi. Asiyesikia vizuri hupata tu kile anachoambiwa uso kwa uso, na mara nyingi ni amri: njoo, kaa, acha, kula. Nani atakaa amweleze neno "kudhani"? Au "kutamani", "kusingizia", "kujuta"? Ndiyo maana watoto viziwi wengi wanaokulia kwa wazazi wanaosikia huchelewa kuelewa kwamba mtu mwingine anaweza kuamini jambo lisilo kweli. Watoto viziwi waliozaliwa na wazazi viziwi, waliopewa lugha ya alama tangu siku ya kwanza, hawachelewi hivyo. Ninawaomba wazazi walitafakari hilo. Kumbe kinachomrudisha mtoto nyuma ni kukosa lugha.

Hatua ya 2: Tazama dalili kwa jicho lisilojidanganya

Mtego wa kwanza ni miezi ya mwanzo. Mtoto kiziwi hulia, hucheka na kutoa sauti za "aaa" na "uuu" kama mtoto mwingine yeyote. "Mbona alikuwa anapiga kelele vizuri" si ushahidi. Tofauti hujitokeza kati ya miezi 6 na 10, mtoto anayesikia anapoanza kubwabwaja kwa silabi: bababa, mamama, dadada. Asiyesikia huchelewa kufika hapo, au sauti zake hupungua badala ya kuongezeka.

Haya ndiyo ya kuangalia:

- Miezi 3: hatulii anaposikia sauti yako kabla hajakuona, wala hashtuki kwa sauti kubwa ya ghafla.
- Miezi 6 hadi 8: hageuki kutafuta sauti inatoka wapi.
- Mwaka 1: habwabwaji kwa silabi, haitiki jina lake.
- Mwaka 1 na nusu: hana maneno, au hafuati agizo jepesi usipoonyesha kwa mkono.
- Miaka 2: haunganishi maneno mawili.
- Miaka 4: bado anasema "mimi taka" na "toto lala". Kwa wa miaka miwili hiyo ni kawaida. Kwa wa miaka minne, viambishi kukosekana ni sababu ya kumpima masikio.
- Umri wa shule: anaangalia midomo, anajibu swali ambalo hukuuliza, anaongeza sauti ya televisheni, anarudi nyumbani amechoka kuliko kazi aliyofanya.

Mtoto aliyekuwa na maneno akaanza kuyapoteza apelekwe mara moja, umri wowote.

Tafadhali usimpime kwa kupiga makofi nyuma ya kichwa chake. Anahisi upepo, anaona kivuli, anaona macho ya mtu aliye mbele yake yakihama. Atageuka, nanyi mtapoteza mwaka mzima mkidhani hana tatizo.

Hatari huongezeka kwa mtoto njiti, aliyelazwa katika chumba cha watoto mahututi, aliyepata manjano kali baada ya kuzaliwa, ambaye mama yake aliambukizwa rubela au virusi vya saitomegalo akiwa mjamzito, aliyeugua homa ya uti wa mgongo, surua au matumbwitumbwi, au aliyepewa dawa kama gentamisini na streptomisini. Lakini karibu nusu ya watoto wanaozaliwa na tatizo hili hawana hata moja ya sababu hizo. Na "kwetu hakuna kiziwi" halimkingi mtu: zaidi ya asilimia 90 ya watoto viziwi wana wazazi wanaosikia. Aina nyingi za kurithi hupitia kwa baba na mama ambao kila mmoja amebeba jeni moja bila kujua, naye anasikia vizuri kabisa. Hakuna wa kulaumiwa hapo, na muda wa kutafuta wa kulaumiwa ni muda wa mtoto.

Hatua ya 3: Mpime, na umpime mapema

Hakuna mtoto mdogo mno kupimwa. Ukiambiwa "subiri afike miaka mitatu kwanza", tafuta ushauri wa pili.

Ratiba inayotumiwa na wataalamu wengi duniani ni ya tarakimu tatu: 1, 3, 6. Mchujo wa kwanza kabla ya mwezi 1, jibu kamili kabla ya miezi 3, msaada kuanza kabla ya miezi 6. Utafiti uliochapishwa mwaka 1998 na Christine Yoshinaga-Itano na wenzake huko Colorado, Marekani, ulionyesha kwamba watoto waliogunduliwa kabla ya miezi 6 walikuwa na lugha bora kuliko waliogunduliwa baadaye, hata pale kiwango cha kusikia kilipokuwa sawa. Ukimpata mtoto umri huo umeshapita, anza sasa.

Kipimo cha kwanza ni cha mwangwi wa sikio. Kifaa kidogo huwekwa tunduni, hutoa sauti, na sikio la ndani likiwa zima hurudisha mwangwi hafifu. Ni dakika chache, bila maumivu. Cha pili hupima mishipa inayopeleka sauti kwenye ubongo, kwa waya zinazobandikwa kichwani mtoto akiwa amelala. Siku ya kipimo hiki mwamshe mapema na usimwache asinzie njiani, vinginevyo atakuwa macho saa mnayomhitaji alale. Kuanzia karibu miezi 6 hupimwa kwa kugeukia sauti na kuzawadiwa picha au mwanasesere anayewaka. Akikaribia miaka mitatu hupimwa kwa mchezo: akisikia sauti, anatupia kipande kwenye ndoo.

Jambo moja la kudai: mtoto aliyelazwa mahututi au aliyepata manjano kali apewe kipimo cha mishipa, asiishie kwenye cha mwangwi. Kuna hali ambayo sikio lenyewe linajibu ila ujumbe unavurugika njiani, na kipimo cha mwangwi hakiwezi kuiona. Na kupita mchujo siku ya kuzaliwa si cheti cha maisha, kwani upungufu mwingine huja baadaye.

Hatua ya 4: Soma majibu vizuri

Usikubali kuambiwa "anasikia asilimia 60". Usikivu hupimwa kwa desibeli, yaani kipimo cha nguvu ya sauti, tena kwa kila kimo cha sauti, kuanzia nene hadi nyembamba. Namba unayopewa ni ya sauti ndogo kuliko zote anayoweza kuisikia, hivyo ikiwa kubwa usikivu ni dhaifu zaidi. Omba nakala ya chati na uulize: sikio lipi, sauti zipi, tatizo liko wapi.

Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2021, chini ya desibeli 20 ni kawaida. Kati ya 20 na 35 ni upungufu mdogo, kutoka 35 hadi 50 ni wa wastani, kutoka 50 hadi 65 ni wa wastani unaoelekea mkubwa, na kuanzia 65 tunaingia kwenye upungufu mkubwa. Neno "mdogo" limewapoteza wengi. Ni mdogo kwa mtu mzima ambaye lugha anayo tayari na anaweza kujaza pengo kwa kubahatisha. Mtoto hana cha kujazia, kwa sababu lugha yenyewe ndiyo anayoitafuta.

Hata sikio moja tu. Watafiti Fred Bess na Anne Marie Tharpe waliandika mwaka 1984 juu ya watoto waliokuwa wakisikia kwa sikio moja, na takriban theluthi yao walikuwa wamerudia darasa angalau mara moja.

Tatizo likiwa sikio la nje au la kati, mara nyingi linatibika. Maarufu zaidi ni maji yanayotuama nyuma ya ngoma ya sikio. Mtoto haumwi, hana homa, ila anasikia kama mtu aliyejiziba kwa vidole. Kwa kawaida hukauka yenyewe ndani ya miezi 3. Yakizidi hapo, apimwe usikivu, na daktari anaweza kupendekeza kijimrija kidogo kwenye ngoma. Sikio linalotoa usaha lisitiwe mafuta wala kitu chochote cha kubuni. Lionwe na daktari. Tatizo likiwa sikio la ndani au mshipa, kwa kawaida ni la kudumu, na kazi inahamia hatua inayofuata.

Hatua ya 5: Kifaa, na saa za kukivaa

Kifaa cha kusaidia kusikia, ambacho wengi hukiita shimesikio, huweza kuvalishwa mtoto wa wiki chache. Tundu la sikio lake linakua haraka, hivyo ile sehemu inayoingia ndani hubadilishwa mara kwa mara. Ukisikia kifaa kinapiga filimbi, huenda imeshakuwa ndogo.

Miwani humpa mtu kuona siku ileile. Kifaa hiki humpa mtoto sauti tu, maana yake anaijifunza polepole. Kwa hiyo hesabu umri wake wa kusikia kuanzia siku alipokivaa: mtoto wa miaka miwili mwenye kifaa kwa miezi minne ana miezi minne ya kusikia. Watoto wanaovaa zaidi ya saa 10 kwa siku hupata maendeleo bora ya lugha kuliko wanaovaa kidogo. Kuvaa wakati wa darasa au kliniki peke yake hakutoshi.

Kila asubuhi fanya jaribio la sauti sita lililobuniwa na Daniel Ling, mtaalamu wa kuwafundisha watoto viziwi kusema. Ukiwa umeficha midomo bila kuziba sauti, tamka moja moja kwa sauti ya kawaida: m, u, a, i, sh, s. Zinagusa kimo chote cha sauti za usemi. Mtoto aitikie kwa kuinua mkono au kuigiza. Siku anayokosa s aliyokuwa akiipata jana, kagua betri, kisha masikio. Betri hizo ndogo ni hatari kubwa zikimezwa, basi chagua kifaa chenye kifuniko kinachofungwa, na ikimezwa kimbia hospitali palepale.

Kipandikizi cha koklea ni kwa upungufu mkubwa ambao kifaa cha kawaida hakiufikii. Huwekwa kwa upasuaji na hupeleka umeme moja kwa moja kwenye mshipa wa kusikia. Kinasaidia sana kikija mapema na kikifuatiwa na mazoezi ya miaka.

Hatua ya 6: Mpe lugha inayomfikia sasa

Mwaka 1880, mkutano wa walimu uliofanyika Milan, Italia, uliamua kwamba viziwi wafundishwe kwa mdomo na lugha ya alama iondolewe. Vizazi vya watoto vilifungwa mikono kwa sababu hiyo. Ni mwaka 2010, huko Vancouver, Kanada, ndipo mkutano wa kimataifa wa elimu ya viziwi ulipokataa rasmi maazimio yale na kueleza majuto. Bado hofu ya zamani inasikika: "ukimfundisha alama hatasema kamwe."

Nasema wazi msimamo wangu: anza alama leo. Lugha ya alama, wengine huita lugha ya ishara, ni lugha kamili yenye sarufi yake. Mtaalamu wa lugha William Stokoe alianza kuionyesha hivyo kitaaluma mwaka 1960, kwa lugha ya alama ya Marekani. Watoto viziwi wanaoiona tangu kuzaliwa hubwabwaja kwa vidole umri uleule ambao wengine hubwabwaja kwa mdomo. Haizuii usemi. Inamzuia mtoto asikae bila lugha yoyote huku familia ikingoja kifaa, kipandikizi au miujiza. Huhitaji kuwa fundi. Jifunze alama kumi za mambo ya kila siku wiki hii, kumi wiki ijayo, na familia nzima ijifunze pamoja nawe. Mtafute mtu mzima kiziwi awe rafiki wa nyumba yenu. Hakuna mwalimu bora wa lugha hiyo, na mtoto anahitaji kuona jinsi mtu kama yeye anavyokuwa mkubwa.

Hatua ya 7: Badilisha namna mnavyozungumza nyumbani

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo.

Sogea. Kila umbali ukizidi mara mbili, sauti hupungua takriban desibeli 6. Urefu wa mkono mmoja ni mahali pazuri pa kuongea. Zima redio na televisheni msiyoitazama. Kifaa hukuza kelele pamoja na sauti yako. Mwanga uangaze uso wako, usikae dirishani ukawa kivuli.

Usipige kelele, maana kelele huharibu umbo la mdomo na la sauti. Usikate neno silabi silabi pia: "ha... ta... ku... ja" si Kiswahili anachoongea mtu yeyote. Sema sentensi nzima, kwa mwendo wa utulivu.

Subiri macho. Mtoto anayetegemea midomo au alama hawezi kutazama kitu na kukutazama wewe wakati mmoja. Wazazi wengi husema wakati mtoto ameinamia mwanasesere, na maneno yote yanamwagika chini. Mwache atazame. Akiinua uso, sema au onyesha alama. Mwache atazame tena. Mazungumzo yatakwenda pole, na huo ndio mwendo sahihi.

Taja anachokitazama yeye badala ya unachotaka wewe atazame. Akisema "gari", usimwambie "sema gari linaondoka". Wewe ndiye useme: "Ee, gari linaondoka. Gari limeondoka. Halipo tena." Kwa sentensi tatu amepata li-, na-, me- na ukanushi, bila mtihani. Kisha nyamaza, uhesabu kumi moyoni. Jibu la mtoto huyu linachukua muda mrefu kufika mdomoni, na sisi wakubwa tunaliua kwa kuharakisha.

Sema mawazo yako wazi. "Nilidhani ufunguo uko mfukoni. Nimekosea, uko mezani." "Dada ana hasira kwa sababu amesahauliwa." Haya ndiyo maneno ambayo mwenzake hudaka akiwa chumba cha pili, kwake lazima uyalete mwenyewe.

Na kuna sentensi moja ningependa ifutwe katika nyumba hizi: "Si kitu, nitakuambia baadaye." Watu wote wamecheka, mtoto anauliza kuna nini, anaambiwa si kitu. Viziwi wengi watu wazima huikumbuka kwa uchungu. Mwambie sasa, hata kwa ufupi, hata kichekesho kikiwa kimeshapoa.

Hatua ya 8: Shuleni

Kaa na mwalimu kabla muhula haujaanza. Mtoto akae mbele kidogo pembeni, sikio zuri likielekea darasani, mbali na mlango na feni. Mwalimu asiongee akiwa ameelekea ubaoni, arudie majibu ya wanafunzi wa nyuma, na aandike kazi ya nyumbani ubaoni. Kipaza sauti anachovaa mwalimu, kinachopeleka sauti moja kwa moja kwenye kifaa cha mtoto, kinasaidia kuliko kubadilisha dawati mara mia. Zaidi ya yote, asiulize "umeelewa?" Mtoto huyu amejifunza kutikisa kichwa. Amuulize: "Niambie tunafanya nini sasa."

Hatua ya 9: Daftari, na safari zisizosubiri

Andika kila mwezi maneno mapya anayoyaelewa na anayoyatumia, kwa mdomo au kwa alama, pamoja na sentensi yake ndefu kuliko zote. Zikipita miezi mitatu bila kitu kipya, rudi kwa mtaalamu na daftari mkononi: huenda kifaa hakitoshi, usikivu umeshuka, au njia mliyochagua haimfikii.

Mtoto ambaye kusikia kwake kumeshuka ghafla aonwe siku hiyohiyo. Na aliyepona homa ya uti wa mgongo apimwe masikio ndani ya wiki chache, hata kama anaonekana mzima, kwa sababu baada ya ugonjwa huo koklea inaweza kuanza kujaa mfupa, na ikishajaa kipandikizi kinakuwa kigumu kuingia.